Ukitaka mbunge akusikie kuhusu nishati safi, mpelekee bei ya mtungi wa gesi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kwale aliniandikia: "Dada, nimemwandikia mheshimiwa kurasa nne kuhusu nishati safi, wala hajajibu. Wewe ulifanyaje?" Akanitumia na barua yenyewe. Imeandikwa vizuri, ina mabadiliko ya tabianchi, ina vizazi vijavyo, ina kila kitu isipokuwa bei.

Kaka yangu, hapo ndipo ulipokwama.

Mimi nauza gesi na taa za sola Kilifi. Tarehe 1 Julai 2021 serikali ilianza kutoza gesi ya kupikia VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Mwaka huohuo Bunge likaviondolea vifaa vya sola VAT iliyokuwa imerudishwa 2020. Kwa mkono huu wametoa, kwa ule wamechukua. Wateja wangu hata hawakulalamika sana. Waliniletea mitungi mitupu, "nihifadhie, dada, nitaujaza mwisho wa mwezi," kisha wakavuka barabara kununua makaa ya mkebe. Mama mmoja anayekaanga mahamri aliniachia mtungi wa kilo 6 mpaka kitako kikaota kutu. Kila nikifagia, nausogeza.

Kila ninachouza nakiandika kwenye daftari. Kurasa za Mei zilijaa mpaka pembeni. Za Septemba zilibaki nusu nyeupe. Nikazitoa kopi, nikaziba majina ya watu, nikaandika ukurasa mmoja wa kueleza, basi. Msimu wa Mswada wa Fedha, ule unaopanga kodi za kila mwaka, ulipowadia nikaenda nazo kwenye kikao cha maoni ya umma. Nilipewa dakika moja. Kabla sijafungua daftari nikaambiwa, "Asante mama, keti." Nyuma yangu akasimama bwana mmoja wa suti, akasema yaleyale kwa Kiingereza, akaachwa aseme mpaka akatosheka. Hilo linaniuma hadi leo. Lakini karatasi zangu zilipokelewa, na nakala yangu ikagongwa muhuri.

Julai 2022 VAT ya gesi ikashushwa hadi asilimia 8, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikaiondoa. Sisemi ni kazi yangu. Kulikuwa na wafanyabiashara wakubwa wenye mawakili wao. Ila karatasi ya muuza mitungi wa Kilifi nayo ilikuwemo, na hilo haninyang'anyi mtu.

Kwa hiyo peleka bei. Bei ya jana na ya leo, na nani ameacha kununua. Taja kifungu cha mswada unachotaka kifutwe au kiongezwe, kwa nambari yake. Ukisema tu "tuunge mkono nishati safi", kila mbunge atakwambia anaunga mkono. Wahi pia. Mswada wa Fedha hufika Bungeni kufikia mwisho wa Aprili na unatakiwa uwe umepita kabla ya Julai, kwa hiyo barua ya Agosti ni ya kujifurahisha. Iandike kwa Karani wa Bunge la Taifa, mbunge wako apate nakala. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimisha Bunge kushirikisha umma, na cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi. Na narudia, weka bei.

Kuna wanaosema ushirikishwaji ni maonyesho tu. Waulize watu wa Lamu. Juni 2019 leseni ya mazingira ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ilifutwa, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hawakuwa matajiri wale. Walikuwa na wavuvi wao na ushahidi wao.

Najua wapo watakaonikosoa kwamba gesi nayo yatoka ardhini kama mafuta. Ni kweli, na mimi ningependa tufike kwenye majiko ya umeme, maana karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo wa Turkana na jua. Waheshimiwa wetu huitaja sana asilimia hiyo wakiwa safarini ng'ambo. Wanaporudi, jikoni hawaingii. Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 55.1 ya nyumba zinapikia kuni, 11.6 makaa, na gesi 23.9 tu. Hizo kuni huwa hazimo kwenye hotuba, na anayevuta moshi wake ni mama yako na mama yangu. Msikubali, jamani, nishati safi ibaki kuwa umeme wa kujivunia huku jiko likitozwa kodi.

Mswada ujao ukichapishwa, anza kwa kutafuta humo gesi, sola, betri na jiko. Kisha nenda dukani ukaulize bei, uandike, na usiondoke mezani kwa karani bila nakala yenye muhuri.