Msimfungie ndani

Dada yangu, umeuliza kama mumfungie mdogo wako chumbani mpaka unga, yaani heroini, umtoke mwilini. Msifanye hivyo. Sisi tulimfungia kaka yangu siku sita. Arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, ilimkunja kama jongoo: kamasi, kuhara, miguu inapiga kitanda usiku kucha. Siku ya saba akala wali, tukashangilia. Alipotoka akavuta kiasi kile kile alichozoea, kumbe mwili umeshakisahau. Tulimkuta chooni, midomo imegeuka bluu. Alipona kwa bahati tu, na wengi hufia hapo hapo.

Kama mpo Dar, mpelekeni kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya unga. Muhimbili walianza 2011, kisha Mwananyamala na Temeke. Dawa ni bure. Anainywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia. Kinachowashinda wengi ni nauli na ile kwenda kila siku, kwa hiyo pangeni zamu ya kumsindikiza. Huko huko apimwe VVU, TB na homa ya ini, hasa kama anajidunga.

Simu alizowaibia mtamdai baadaye. Na mama aache kumpa hela ya "soda".