Usiitazame Pasifiki peke yake

Ndugu, umeuliza kama taarifa ya kuwapo kwa El Niño, yaani joto lisilo la kawaida la maji katikati na mashariki mwa Bahari ya Pasifiki, inatosha kukuhakikishia msimu wa mvua nyingi. Haitoshi, na ninakusihi usipange jambo kubwa kwa kuitegemea hiyo tu.

Bahari yenye joto huipasha hewa iliyo juu yake na kuijaza mvuke. Hewa hiyo hupaa na kufanya mawingu, lakini kupaa kwake hugeuza mzunguko wa pepo, hata maeneo mengine yaliyo mbali sana yakapata hewa inayoshuka, ambayo huzuia mvua. Kwa hiyo tofauti ya joto kati ya upande mmoja wa bahari na mwingine mara nyingi huwa na uzito kuliko joto lenyewe.

Mwaka 1997 El Niño kali iliambatana na joto lisilo la kawaida magharibi mwa Bahari ya Hindi, na Afrika Mashariki ikakumbwa na mafuriko makubwa. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali vilevile, ila mvua za vuli hazikufikia kiwango kile. Kisha mwaka 2019, bila El Niño kali, magharibi mwa Bahari ya Hindi palipata joto kuliko mashariki yake. Mafuriko yakarudi, huku Australia ikikauka.

Soma basi hali ya bahari zote mbili, tena uangalie tarehe ya utabiri, kwa kuwa ule unaotolewa Machi au Aprili kuhusu Pasifiki hukosea zaidi.