Wakala anachukua "vitabu vya watoto vya umri wote", mbona amenikatalia?

SWALI: Nina muswada wa Kiingereza, maneno 38,000, kuhusu mtoto wa miaka 6 anayesafiri kwa jahazi na babu yake kutoka Tanga hadi Pemba. Nimeupeleka kwa wakala wa London, wa wale wanaowauzia wachapishaji miswada ya waandishi, anayesema anachukua vitabu vya watoto "kuanzia vya picha hadi vya vijana". Amejibu kwamba haumfai. Nimekosea wapi? – Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, shida si hadithi, ni rafu. Maneno hayo ya wakala hayana maana ya kapu moja. Ni rafu nne hivi, na akifungua muswada anaangalia kwanza unakwenda ipi, maana mhariri atakayemuuzia atamuuliza hilohilo.

Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, na maneno yake mara nyingi hayafiki 600. Kinafuata kile cha sura fupifupi, cha mtoto anayeanza kujisomea: 5,000 hadi 15,000. Riwaya za miaka 8 hadi 12 huwa na 30,000 hadi 50,000, na za vijana huanzia hapo kwenda juu.

Muswada wako una urefu wa rafu ya tatu na mhusika wa rafu ya kwanza. Mtoto hupenda kusoma habari za aliyemzidi umri kidogo. Wa miaka 10 hamfuati wa miaka 6, wenzake watamcheka.

Tazama ukurasa ulioniletea. Aya nzima ni tanga lililofifia, kiraka chake cha buluu na ndoo ya chambo. Kwenye kitabu cha picha ungeifuta, hiyo ni kazi ya mchoraji (ambaye huchaguliwa na mchapishaji, usimtafute wewe). Kwenye riwaya ibaki, ila kiraka kimguse mtoto: kakishona nani, na kitastahimili kusi? Mimi ningempa miaka 11 nikaandika riwaya. Urefu unao tayari.

Wakala akikudai ada ya kusoma, mkimbie. Wa kweli hula baada ya kuuza: kwa kawaida asilimia 15 ya malipo ya mwandishi kwa mauzo ya nchini kwao, 20 kwa ya nje na tafsiri. Na ukiamua kuuandika kwa Kiswahili, wakala wa nini? Wapo wachapishaji Dar es Salaam na Nairobi wanaopokea muswada mkononi mwa mwandishi mwenyewe.

Barua yako ijayo, mstari wa kwanza utaje umri wa msomaji na idadi ya maneno. Babu na jahazi vije mstari wa pili.