Kodi ya miezi sita

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama makazi ya pamoja, yanayowapa vijana wasio na kwao mahali pa kulala huku yakiwafundisha kazi na namna ya kuishi bila kuharibu mazingira, yanaweza kufanikiwa katika miji yetu. Najibu nikiwa mwenye nyumba. Nina vyumba vinane vya kupangisha Igoma, hapa Mwanza, na kwa miaka kadhaa nimewapokea vijana waliotoka katika vituo vya namna hiyo. Kwa hiyo ninachokifahamu vizuri ni maisha yao baada ya mahafali, wakati wafadhili wamekwisha kupiga picha na kuondoka.

Mmoja wao alihamia kwangu siku ya Jumamosi akiwa na begi, godoro, cheti cha ushonaji na cherehani kipya alichopewa na kituo kimoja ambacho sitakitaja. Jumatatu jioni alinilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ninavyowadai wapangaji wote, nami nikamhesabu miongoni mwa wapangaji wa kutumainiwa. Wiki ya tatu nilimpelekea sketi ya kupunguza, nikaikuta meza yake tupu. Nikamuuliza, "Mwanangu, cherehani kiko wapi?" Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, si ndicho kilicholipa kodi yako?"

Jibu langu kwa swali lenu limetoka kwenye meza ile. Makazi hayo yanaweza kufanikiwa, ila sharti yapangwe kuanzia siku ya kutoka, kisha mipango irudi nyuma hadi siku ya kuingia. Vituo vingi nilivyoviona hufanya kinyume chake: hutumia akili nyingi kwenye kitanda, sare na ratiba ya masomo, halafu kijana hufikishwa mlangoni akiwa na kifaa kimoja cha thamani na mwenye nyumba anayemsubiri nje akitaka fedha taslimu za nusu mwaka. Katika hali hiyo kifaa hakina budi kuuzwa, na hata mimi ningekiuza.

Wenzetu wa mbali wamelishughulikia tatizo hili kwa njia ambazo tunaweza kujifunza bila kuziiga zote. Huko San Francisco, Marekani, taasisi ya Delancey Street iliyoanzishwa mwaka 1971 huwapokea watu waliotoka gerezani au kwenye ulevi na dawa za kulevya, nao hutakiwa kukaa si chini ya miaka miwili. Wakazi wenyewe huendesha shughuli halisi, kama ile ya kuhamisha mizigo ya watu, na mapato yake huiendesha nyumba. Aliyetangulia humfundisha aliyefika jana, na hata jengo lao kubwa la ufukweni walilijenga wao wenyewe. Nchini Ufaransa wakazi wa jumuiya za Emmaüs, zilizoanzishwa na Abbé Pierre mwaka 1949, hukusanya vitu vilivyotumika, wakavitengeneza na kuviuza, wakajipatia riziki humo humo. Linalonivutia katika mifano yote miwili ni kwamba mkazi anamkabili mteja wa kweli, mwenye fedha na malalamiko yake, angali chini ya dari la jumuiya. Kijana aliyezoea wateja kwa miaka miwili hutoka akiwa na watu wanaomjua kwa jina, na hao hawawezi kuuzwa kulipia kodi.

Hata sisi jambo hili si geni. Wazee wa Kisukuma wanaikumbuka elika, kundi la vijana waliolima shamba la huyu leo na la yule kesho chini ya nsumba ntale, mkuu wao. Wazee hao hao, hata hivyo, wanaikumbuka pia miaka ya 1973 hadi 1976, familia zilipohamishiwa vijijini zikitaka zisitake, na ndiyo maana ukiwatajia "makazi ya pamoja" baadhi yao hukunja uso. Kijana aingie kwa hiari, na lango la kutokea alione tangu siku ya kwanza.

Kuhusu kazi za kufundishwa, naomba tuvipumzishe vyerehani, maana mtaani kwetu mafundi wa nguo wamekuwa wengi kuliko nguo. Ziwa liko mbele yetu. Pale Kirumba Mwaloni kila siku hushushwa dagaa, na sehemu ya dagaa hao imeanikwa mchangani. Mvua ikinyesha huharibika, na mchanga ukiwaingia bei hushuka, wakaishia kuwa chakula cha kuku. Kutengeneza na kuendesha vichanja vya kuanikia ni kazi. Kushona nyavu, kukarabati mitumbwi, kutengeneza majokofu, kufunga na kutengeneza taa za sola ambazo wavuvi wa dagaa wameanza kuzitumia badala ya karabai, kuhudumia vizimba vya kufugia samaki, zote ni kazi ambazo mteja wake anaonekana kwa macho. Mji huu umejengwa juu ya majabali, kwa hiyo fundi anayejua kujenga ukuta wa mawe usiobomoka mlimani hatalala njaa. Wala kituo hakihitaji kujifanya chuo: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo Nyakato, nayo ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi alioupata mtu kazini.

Hilo la kutunza mazingira wengi hulifundisha kwa mabango na kupanda miti siku ya mgeni rasmi. Mimi ningelianzia kwenye Luku, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Nyumba yangu ina mita moja kwa vyumba vinane, na ugomvi mkubwa niliowahi kuusuluhisha ulihusu pasi. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima hula uniti moja. Kijana anayejua hesabu hiyo, na aliyekwisha kuzoea kuchangia umeme na wenzake bila visirani, ni mpangaji wa kugombewa. Vivyo hivyo maji: paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,000, lakini ni nyumba chache mtaani kwetu zenye mfereji wa kuyakinga, nasi wengine huyatazama yakiteremka na taka kuelekea ziwani. Kujua kufunga mifereji hiyo, au kutengeneza mkaa mbadala kwa pumba za mpunga, ni elimu ya mazingira inayobaki mfukoni mwa kijana hata akihamia chumba cha kupanga.

Narudi kwenye kodi, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Mkazi alipe kitu kidogo kila mwezi kutokana na kazi yake, na sehemu ya malipo hayo iwekwe akiba kwa jina lake, asiiguse mpaka siku ya kutoka. Kituo kimdhamini kwa maandishi mbele ya mwenye nyumba kwa mwaka wa kwanza. Wanaotoka pamoja waandikishe kikundi, kwani halmashauri zimetakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo hupewa zaidi vikundi kuliko mtu mmoja mmoja.

Yule kijana nilimrudishia fedha za miezi minne akakikomboe cherehani chake. Alikuta mnunuzi amekwisha kukiuza kwa mtu wa Sengerema. Akaenda Mwaloni kubeba magunia ya dagaa, na miezi yake ilipokwisha akahama, akaniachia sketi yangu ikiwa imepunguzwa kwa mkono, mshono mmoja mmoja. Chumba chake sasa hakina mtu. Kituo chochote cha hapa Mwanza kitakachokuwa tayari kutia saini ya udhamini, nitampokea kijana wake kwa kodi ya mwezi mmoja mmoja.

Mama mwenye nyumba, Igoma