Muulize Dada wa Mitambo: Nina milioni moja na laki mbili, nianze na mashine gani?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 22, naishi Tabora. Nimelima tumbaku na wazazi na sasa nina akiba ya shilingi milioni moja na laki mbili ya kuanzia udijei. Laptopu ninayo, aliniachia kaka yangu alipohamia Dodoma. Kuna mtu ananiuzia jozi ya CDJ-1000, mashine za DJ za kupigia CD, pamoja na miksa ya kuchanganyia sauti, kwa laki tisa. Anasema hizo ndizo mashine za kweli, hizi ndogo za kuchomeka kwenye laptopu ni za watoto. Rafiki yangu naye anasema ninunue spika kubwa kwanza, nianze kupata kazi za harusi, mashine nitanunua baadaye. Nimsikilize nani? *Kijana wa Tabora*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hizo CDJ ziache, na spika pia ziache. Nunua kontrola ndogo, yaani hiyo hiyo mashine ya kuchomeka kwenye laptopu, ya chaneli mbili (njia mbili za nyimbo) na yenye kadi yake ya sauti, nunua hedifoni nzuri za waya, kinachobaki kiende kwenye muziki. Maelezo ni marefu kidogo, nivumilie.

DJ husikiliza nyimbo mbili kwa wakati mmoja. Moja inasikika ukumbini, nyingine anaisikia yeye peke yake masikioni huku akiitafutia mahali pa kuingilia. Ukikosa hiyo ya pili unabaki kubadilisha nyimbo tu, na kazi hiyo haihitaji mashine. Miaka ya 1970 kule Bronx, New York, Grandmaster Flash, kijana aliyesomea umeme katika shule ya ufundi, alijitengenezea swichi ya kumwezesha kuisikia santuri ya pili kwenye hedifoni kabla hajaiachia kwa watu. Miksa aliyokuwa nayo haikuwa na uwezo huo. Leo kila chaneli ina kitufe chake cha kazi hiyo. Kwa hiyo mashine yoyote utakayoonyeshwa dukani, swali lako la kwanza liwe: wimbo wa pili nitausikiaje?

Hapo ndipo kadi ya sauti inapoingia. Tundu la hedifoni la laptopu yako linatoa sauti moja tu, ile ile kwako na kwa wageni. Kontrola yenye kadi ndani inatoa mbili: moja inakwenda kwenye spika kupitia matundu mawili, jekundu na jeupe, nyingine inakuja kwenye hedifoni zako. Zipo kontrola zisizo na kadi. Pioneer DJ DDJ-200, kwa mfano, ni nyepesi na bei yake ni ya chini, lakini inakuja na waya wa kugawanya sauti: upande wa kushoto unakwenda kwa watu, wa kulia unabaki kwako, kila mmoja mono, yaani bila kutenganisha sauti ya kushoto na ya kulia. Chumbani inatosha kabisa. Kwa akiba uliyonayo, panda ngazi moja.

Ukitaka majina, angalia DDJ-FLX4, ambayo ilipoingia sokoni mwanzoni mwa 2023 iliuzwa Marekani kwa dola 299, au iliyoitangulia, DDJ-400 ya 2018, ukiipata iliyotumika na ikiwa nzima. Hercules Inpulse 300 nayo ni mwalimu mzuri. Bei za huku zinafuata dola, usafiri na ushuru, na kila duka la Kariakoo lina yake, kwa hiyo ulizia maduka kadhaa na udai risiti. FLX4 naipenda kwa sababu haikufungi kwenye programu moja. Inakubali rekordbox, inakubali Serato DJ Lite ambayo ni ya bure, inakubali hata djay ya kwenye simu. Inapata umeme kwa waya wa USB kutoka kwenye laptopu, ina tundu la maikrofoni, na uzito wake ni kilo mbili na kidogo. Unaiweka kwenye begi la mgongoni, unapanda bodaboda, unafika.

Tuje kwenye hizo CDJ-1000. Anayekuuzia hasemi uongo akiziita mashine za kweli. Zilipotoka 2001 zilimpa DJ wa CD uwezo wa kuushika wimbo kwa mkono kama santuri, na klabu nyingi duniani zikazipokea. Lakini zinapiga diski tu, mahali pa flashi hazina. Kila wimbo mpya utabidi uuchome kwenye CD, na laptopu nyingi za sasa hazina hata mlango wa CD. Lenzi zake ni za zamani, na lenzi iliyochoka inarukaruka au inakataa diski, hata pale bwana na bibi harusi wamesimama katikati ya ukumbi wanasubiri wimbo wao. Ukitoa laki tisa unabaki na laki tatu za hedifoni, waya, muziki na fundi. Hapana, mdogo wangu.

Na hilo neno la "mashine za watoto" linaniuma, maana limewakatisha tamaa vijana wengi wenye masikio mazuri. Mpangilio wa FLX4 na DDJ-400 umefuata ule wa mashine kubwa za klabu: kitufe cha kucheza chini ya gurudumu, kitelezi cha kasi pembeni, vitasa vya sauti za juu, kati na chini vimepangwa wima katikati. Siku utakapokaribishwa kwenye mashine kubwa, mkono wako utajua uende wapi.

Rafiki yako wa spika anafikiria riziki, na hilo namheshimu. Lakini spika kubwa haziji peke yake. Zinataka amplifaya kama hazina yake ndani, stendi, waya ndefu, gari, chumba cha kuzihifadhi mvua zikianza, na vijana wa kubeba. Harusi, send-off na kitchen party nyingi tayari zina mwenye mitambo aliyekodiwa na kamati. Huyo ndiye mtu wako. Nenda umsaidie kufunga waya, kisha mwombe saa ya mwanzo, wageni wakiwa bado wanaingia na kutafuta viti. Nyumbani fanyia mazoezi kwenye sabufa ya sebuleni, ila iunganishe kwa waya. Bluetooth inachelewesha sauti: unasogeza mkono sasa, spika inajibu baadaye, na sikio linajifunza uongo. Kwa sababu hiyo hiyo hedifoni za Bluetooth hazifai kazi hii.

Hedifoni nitazikazania, maana watu huzinunua mwisho kwa chenji iliyobaki. Chagua zinazofunga vizuri sikioni zisiruhusu kelele ya ukumbi kuingia, ambazo kikombe kimoja kinageuka ili sikio moja libaki wazi, na ambazo waya wake ukikatika unachomoa na kuweka mwingine. Sennheiser HD 25 zinatengenezwa tangu miaka ya 1980 na mpaka leo madijei wanazivaa, kwa sababu kila kipande kinanunulika peke yake. Ni ghali kwako kwa sasa. Chukua za bei ya kati, lakini zivae dukani, weka wimbo unaoujua vizuri, usikilize kama unalitenganisha besi na ngoma. Usinunue nembo, maana za bandia zimejaa.

Laptopu ya kaka: mpigie simu kwanza umuulize kama ni yako moja kwa moja. Si vizuri ujenge maktaba ya nyimbo humo halafu aje kuichukua Desemba. Ikiwa na RAM ya GB 8 na diski ya SSD, utafanya kazi bila wasiwasi. Ikiwa ya zamani zaidi, jaribu Mixxx, programu ya bure kabisa ambayo si nzito. Ukiwa kazini zima Wi-Fi na masasisho ya Windows, chomeka chaja, na usiruhusu mtu aifungue kukuonyesha video.

Muziki ndio utakaokuajiri. Faili za MP3 ziwe za 320 kbps. Nyimbo zilizonyofolewa kwenye video zinasikika sawa kwenye simu, lakini ukiziweka kwenye spika kubwa besi linakuwa tope na sauti za juu zinachoma. Tenga pesa ya kununua nyimbo kila mwezi, hata chache. Harusi ya Tabora ina wazee wanaosubiri rhumba na zilipendwa, ina mashangazi wa taarabu, ina kwaya, ina vijana wa Bongo Fleva. Nyimbo za kila kundi zipange kwenye folda yake na uweke nakala kwenye diski ya nje.

Kama utanunua iliyotumika, nenda na laptopu yako, usikubali kuonyeshwa ikiwaka taa tu. Sogeza kila kitelezi taratibu usikilize kama kinakwaruza au kinakata sauti. Rudisha kitelezi cha kasi katikati uone kama programu inasoma sifuri. Bonyeza kila kitufe. Mwisho tikisa kidogo waya wa USB ukiwa umechomekwa: muziki ukikatika, tundu limelegea, na hapo ni kuaga.

SWALI: Mimi ni mzazi, naandika kutoka Mombasa. Binti yangu yuko kidato cha tatu na hataki kusikia lingine ila udijei. Ana simu ya kawaida ya Android. Je, programu ya simu inatosha kuanzia? Na kusema kweli, hii kazi inamfaa msichana?

JIBU: Nakusalimu kwa heshima mama. Inatosha kuanzia. Apakue djay au edjing, atumie ile sehemu ya bure, na ajifunze mambo mawili tu: kuhesabu mapigo nne nne, na kujua wimbo unaanza na kuisha vipi. Asifikirie madoido mengine. Akiendelea kwa muhula mzima bila kuchoka, hapo fikiria kontrola inayokubali simu, ili usilazimike kununua laptopu siku hiyo hiyo.

Kuhusu swali lako la pili, wewe ni mtu wa Mombasa, unalijua jibu kuliko mimi. Usiku wa kupamba, kina mama wameshavua mabuibui na nywele ziko wazi, nani atapiga muziki mle ndani? DJ mwanamume hatakiwi. Huku kwetu kitchen party ni hivyo hivyo, wenye shughuli wanahangaika kutafuta DJ wa kike. Hii ndiyo kazi iliyonilea, na wanawake wenzangu ndio waliokuwa wateja wangu wa kwanza. Msimamie kwa saa za kurudi nyumbani na kwa masomo, lakini usimzimie moto.

SWALI: Mjomba wangu aliyeko Marekani ameniletea kontrola na spika moja yenye amplifaya ndani. Fundi wa hapa Bukoba anasema nikichomeka vitaungua. Ni kweli?

JIBU: Kimoja huenda kikaungua, kingine hapana. Kontrola inayokula umeme wa USB haina shida, USB ni ile ile dunia nzima. Ikiwa na adapta yake, soma maandishi madogo mgongoni: yakisema 100-240V, unahitaji kubadilisha plagi tu. Spika ndiyo ya kuogopa. Marekani wanatumia volti 120, sisi 230. Angalia nyuma karibu na tundu la waya wa umeme. Nyingine zina swichi ya kuchagua volti, nyingine zinapokea zote, na nyingine zimeandikwa 120V pekee. Hiyo ya mwisho ukiichomeka ukutani bila transfoma ya kushusha, unaipoteza. Na hata ikishakaa sawa, usiiwashe mara tu umeme unaporudi baada ya kukatika. Subiri dakika chache mpaka utulie, au tumia stabilaiza.

SWALI: Dada, naweza Bongo Fleva na amapiano, lakini nikitaka kuingia singeli nachemsha. Kontrola yangu haina uwezo?

JIBU: Uwezo inao. Singeli inakimbia mapigo 200 kwa dakika na kuendelea, nyingine huvuka 250, wakati amapiano inatembea kwenye 112 hadi 115. Ukijaribu kuiburuta amapiano mpaka huko, itapiga kelele. Tumia hesabu ya mara mbili: amapiano ya 113 ina pigo lake ndani ya singeli ya 226, kila pigo moja la amapiano linabeba mawili ya singeli. Programu nyingi hata huiandika singeli kwa nusu yake, kwa hiyo usishtuke kuiona singeli imeandikwa 113. Isahihishe mwenyewe kwa kitufe cha kuzidisha mara mbili au iache hivyo hivyo, ilimradi unajua.

Fungua singeli kwenye hedifoni, punguza besi yake kabisa, iingize juu ya sehemu ya amapiano yenye ngoma tupu, kisha badilisha besi kwa mkupuo mmoja pigo la kwanza linapoanguka. Kitufe cha SYNC, kile kinacholinganisha kasi za nyimbo chenyewe, usikiguse kwanza, kwa sababu programu ikisoma kasi vibaya, nacho kitavuta vibaya. Fanya kwa sikio mpaka uone mkono unasogeza kitelezi wenyewe. Ukifika hapo, SYNC itumie utakavyo, hakuna DJ wa maana atakayekudai maelezo.