Programu yako huria inapendwa lakini hailipi? Haya ndiyo niliyoyapitia nikiwa Mtwara

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Masasi kaniandikia: "Kaka, programu yangu ina nyota kibao GitHub, watu wanaitumia mpaka Nairobi, lakini mimi bando naombaomba. Nianzeje kutoza?" Kwa asiyejua: GitHub ni tovuti ya kuhifadhi programu huria, zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yake ya ndani, uko wazi kwa wote, na nyota ni alama ya mtu kuipenda. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, jibu likarefuka. Na ninyi wengine mnaoniuliza hilohilo, someni hapa, maana nimechoka kurudia.

Kwanza nijisifu kidogo, jasho nimelitoa. Kifaa changu kilizaliwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Chikongola. Nilikuwa nimemtengenezea mama mwenye duka mfumo wa kupokea malipo ya simu: mteja analipa, mtandao wa simu unaitumia seva yetu taarifa kwamba pesa imeingia, mfumo unaruhusu mzigo utoke. Siku moja taarifa ya malipo yaleyale ikaja mara mbili. Seva ilichelewa kujibu, na mitandao ya simu isipojibiwa hurudia kutuma. Mfumo ukahesabu malipo mawili, na mifuko kumi ya saruji ikawa ishirini, inapakiwa kwenye kirikuu. Bahati yetu kuli alikuwa mtu wa kuuliza.

Tatizo la namna hiyo huwezi kulijaribu ukiwa na laptopu yako nyumbani Shangani, kwa sababu mtandao wa simu hauna njia ya kuifikia. Nikaandika programu ndogo inayojifanya ndiyo mtandao wa simu. Inakutumia malipo yaliyofanikiwa, yaliyokataliwa kwa salio dogo, yaliyochelewa, na yaliyorudiwa kwa namba ileile ya muamala, uone kama mfumo wako unaitambua ile namba au unagawa saruji ya watu. Nikaiweka GitHub kwa leseni ya MIT, nikaenda zangu kula ming'oko.

Kilichofuata mnakijua wenyewe. Nyota, sifa, "mkuu unatisha", na maswali ya usiku wa manane. Kisha kampuni moja ya Dar, wao wanajijua, ikachukua kila kitu, ikabandika nembo yake na kuwauzia wateja. Kisheria sina la kusema. MIT inaruhusu kutumia, kubadilisha na hata kuuza, ilimradi tangazo la hakimiliki libaki, na tangazo walilibakisha, kwenye faili ambalo hakuna mtu hulifungua. Bado naumia, nisiwafiche. Kilichonikera zaidi ni fundi wao kuniandikia nimrekebishie hitilafu, "haraka tafadhali, mteja anasubiri". Hata shikamoo hakuna.

Lakini ujumbe ule ndio ulionionyesha cha kuuza. Msimbo walikuwa nao wote, bure, na bado walinitafuta. Walichokosa ni mtu wa kuubeba, yaani kuuendesha na kuutunza. Basi nikajenga jukwaa la mtandaoni linalobeba: seva inayowaka muda wote, kumbukumbu za majaribio ya miezi iliyopita, timu nzima kuona kitu kimoja, kitufe cha kurudia taarifa iliyokwama, na mimi wa kupokea simu. Hivyo ndivyo vya kulipia. Kile kifaa cha laptopu kimebaki bure. Miezi ya kulijenga jukwaa nairuka, haina hadithi. Ni kurasa za kuingia, kutoka na nywila zilizosahaulika.

Wako walionishauri niifunge ile programu ya bure, au niinyime nguvu ili watu walazimike kulipa. Msithubutu. Kampuni ya HashiCorp ilibana leseni ya Terraform, programu yao ya kusimamia seva, Agosti 2023, watu wakachukua toleo la zamani wakaanzisha mbadala wake, OpenTofu. Redis, wenye programu ya kuhifadhi data, nao walibadilisha Machi 2024, ikazaliwa Valkey kwa njia hiyohiyo. Hao wana mawakili na mabilioni. Wewe wa Masasi utabaki na nani? Kama unaogopa kunakiliwa, msimbo wa jukwaa uweke kwenye leseni ya AGPL tangu mwanzo: anayeubadilisha na kuuendesha kama huduma mtandaoni analazimika kuwapa watumiaji wake msimbo huo. Matoleo uliyokwisha kuyatoa kwa MIT yameshaenda, usiyalilie.

Na bure hiyo ina kazi. Mnakumbuka Mei 2024? Kimbunga Hidaya kilitukatia barabara kule Somanga, Kilwa, na hata matope hayajakauka, tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikakatika, intaneti ikalala nchi nzima. Jukwaa langu, ambalo seva yake iko Ulaya, likawa halifikiki. Lakini madevelopa waliokuwa na kifaa kwenye laptopu waliendelea na kazi kama hakuna lililotokea. Baada ya pale hakuna aliyeniuliza tena kwa nini alipie kitu chenye toleo la bure. Waliona kwamba siwafungi kamba: hata jukwaa likizima, kazi yao haisimami.

Sasa pesa yenyewe, maana hapa ndipo wengi mnapokwama kwa kuiga video za Marekani. Kule kadi inakatwa yenyewe kila mwezi. Kwetu mteja analipa kwa simu, na kila malipo lazima aingize namba yake ya siri, kwa hiyo kila mwezi unaanza kumbembeleza upya. Uza miezi mitatu au mwaka kwa mkupuo, na umkumbushe mapema. Kampuni zikitaka kulipa zitakuuliza TIN, ile namba ya mlipakodi, na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti ya TRA, na zitakukata kodi ya zuio, asilimia 5 kwenye huduma. Liweke hilo kwenye bei, usije ukapiga kelele baadaye. Usajili wa biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, unafanyika mtandaoni, kwa hiyo kisingizio cha nauli ya kwenda Dar hakipo.

Jingine ambalo vijana mnalidharau: ukishahifadhi namba za simu za watu kwenye seva yako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, na ilianza kutumika Mei 2023. Jisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mimi jukwaa langu linakataa namba halisi, linatengeneza za bandia. Kijana, heshimu data za watu! Ukitaka kuitwa kampuni, anza kujibeba kama kampuni.

Bei? Nilianza na bei ya kuonea aibu, nikidhani wateja wa Kusini hawana uwezo. Hawana katika miezi ambayo pesa imekauka, ni kweli, lakini minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba duka la pembejeo, la pikipiki na la bati yote yanataka mfumo wa malipo, na wanaowatengenezea mifumo hiyo ndio wateja wangu. Nikapandisha mara mbili ya ile bei, na nikapandisha kabla ya msimu. Walioondoka ni walewale waliokuwa wakinipigia simu saa nane usiku.