Kwa vijana wapya wa semi: hela ya gari si hela yako

Pita maegesho ya malori ya Nala, Dodoma, saa mbili usiku, semi, yale malori ya tela, zimejipanga kusubiri alfajiri, utasikia mazungumzo yaleyale ya kila mwaka. Dogo kapewa gari miezi sita iliyopita, ana madeni manne, na anamwuliza mwenzake kama kuna mtu wa kumpa elfu hamsini mpaka ashushe Kigali. Mwenzake naye anadaiwa. Mwisho anayewakopesha wote wawili ni tanboi, msaidizi wa dereva, mwenye mshahara mdogo kuliko wao. Basi tuongee, wadogo zetu, kabla hamjawasha gari.

1. Dereva anashika hela za aina tatu, na kosa kubwa ni kuziweka mfuko mmoja. Kuna mshahara, huo ni wako. Kuna posho ya safari, hiyo ni chakula, maji ya kuoga na kulala mpaka urudi. Ikibaki ni yako, lakini huwezi kujua itabaki kiasi gani kabla hujarudi. Kuna hela ya gari: mafuta, pancha, maegesho, faini. Hiyo si yako hata ikilala kwako wiki mbili.

Deni lolote lipimwe kwa mshahara peke yake. Usipige hesabu ya "mwezi huu nitapiga tripu tatu". Tripu haziko mikononi mwako. Foleni ya mpakani Rusumo, karatasi za mzigo zilizokosewa, au springi kukatika katikati ya Manyoni na Itigi, na tripu tatu zinageuka moja na nusu. Aliyekukopesha hajui Rusumo iko wapi, wala hataki kujua.

2. Hapa tukae kidogo, maana karibu kila mzee wa usukani unayemwona ametulia leo ameungulia hapa, na ni wachache watakaokiri.

Unayo laini moja ya simu. Ndiyo ya mama watoto, ya tajiri mwenye gari, na ndiyo uliyojiunga na ile huduma ya kukopeshwa pale salio linapopungua. Siku ya kwanza umekopa elfu nane kununua umeme wa nyumbani. Ndogo. Kesho yake elfu ishirini, kisha tena na tena. Huduma hizi zinatoza ada kwa kadiri deni linavyokaa, na dereva hakai mahali pa kuweka hela kwenye simu. Yuko Shelui, mtandao unakuja na kupotea. Baada ya wiki mbili unadaiwa, tuseme, 94,000. Hujashtuka, kwa sababu hakuna aliyekupigia.

Sasa tairi la tela linapasuka ukiwa umetoka Bahi. Unampigia tajiri, anatuma 180,000 ununue la mtumba, ufunge, uondoke. Ujumbe unaingia, na sekunde hiyohiyo unaingia wa pili: deni limekatwa. Mfumo haujui kwamba hiyo ni hela ya tairi. Unabaki na 86,000 na gari limeinamia upande mmoja.

Angalia kinachofuata, maana hapo ndipo mtu anapotea. Njia fupi na chungu ilikuwa kumpigia tajiri palepale: "Bosi, hela imekatwa na deni langu, naomba unitumie tena, ukate kwenye mshahara." Angetukana, lakini angetuma. Badala yake tunadanganya. Tunasema tairi zimepanda bei, au fundi kataka zaidi. Au tunanunua tairi bovu la 80,000 ambalo litapasuka kabla ya Nzega. Au tunampigia yule mama wa Dodoma mjini anayekopesha kwa siku. Na mbaya kuliko yote, tunafungua tangi.

Tukiuza lita 20 kando ya barabara, tunauza chini ya bei ya pampu. Ofisi ikigundua shoti, yaani mafuta yamepungua, inakata kwa bei ya pampu. Yaani hata bila kufukuzwa, umejikopa kwa hasara. Na siku hizi tangi lina kihisio; kule ofisini mchoro wa mafuta unaonyesha kushuka ghafla gari likiwa limesimama, saa na mahali vimeandikwa. Ili kufidia mafuta aliyouza, dogo anaanza kushuka mlima na nyutro. Mlima Sekenke, tani 50 jumla, gia haishiki, breki ya injini haipo, mzigo wote umebebwa na lainingi. Ngoma zinapata moto, lainingi zinateleza, na ukikanyagakanyaga upepo unaisha haraka kuliko kompresa inavyoujaza, kwa sababu injini iko sailensa. Hayo yote yameanzia kwenye umeme wa elfu nane.

Dawa yake ni fupi kuliko maelezo: nunua laini ya pili, isajili kwa jina lako, usijiunge na mkopo wowote humo, na namba hiyo ndiyo umpe tajiri.

3. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya kurejesha kila siku. Mnajua riba ni kubwa, lakini hesabu yake hamuifanyi. Mfano: unachukua 300,000, unarejesha 12,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 360,000, unasema "asilimia ishirini, si mbaya". Si ishirini. Siku ya 15 umesharudisha 180,000, kwa hiyo hukukaa na laki tatu mwezi mzima. Kwa wastani ulikaa na karibu nusu yake. Umelipa 60,000 kwa kutumia kama 150,000. Hiyo ni asilimia 40 kwa mwezi, na hatujahesabu hela ya fomu wala faini ya siku uliyoruka. Na wewe utaruka, kwa sababu siku ya tisa uko mpakani, anayegongewa mlango nyumbani Chang'ombe ni mkeo.

Mkopeshaji wa daraja la pili, yule asiyepokea amana, mwenye leseni ya Benki Kuu ana ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu ni 10,500. Mwulize leseni kabla ya kumwuliza hela. Za kwenye simu vilevile: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni.

4. Makato ya kazini. Vijana mnakatwa mpaka mshahara unaisha na mnasema asante. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inamtaka mwajiri anayekukata kwa hasara aandike sababu, kiasi na jinsi alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, asizidishe hasara halisi, na makato hayo yasivuke robo ya mshahara. Mshahara wa 500,000, ukomo ni 125,000. Mkishindwana kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ila uwe na mkataba wa maandishi na risiti.

Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, ni karatasi ya joto. Ukizipanga kwenye dashibodi jua la Dodoma linazigeuza nyeusi kabla hujafika Singida, na hesabu ya safari isiyo na risiti inakuwa deni lako. Piga picha ukiwa bado pampuni.

5. Faini ya barabarani ni 30,000 kwa kosa moja. Lipa mapema kwa kumbukumbu namba, uache kubishana na tochi. Mizani ni habari nyingine: ekseli ya usukani tani 8, ekseli pacha 18, ekseli tatu za tela 24. Jumla inaweza kuwa sawa na pacha ikazidi, mzigo ukisukumwa mbele. Kagua wakati wa kupakia. Ukifika mizani ya Vigwaza umechelewa, na wapo matajiri wanaomtupia dereva bili ya uzito uliozidi.

6. Vitunguu vya Singida na kuku wa Manyoni: nunua kwa hela yako na kwa ruhusa ya tajiri, au acha. Ukivinunua kwa mkopo, gari likifa Gairo siku tatu, vitunguu vinaoza na deni linabaki bichi.

7. Kujitoa sasa. Chukua daftari, si simu. Andika kila deni kwenye mstari wake: nani, ulichukua ngapi, kimebaki ngapi, kinaongezeka kiasi gani kwa siku, na ameshika nini chako. Mkeo aandike ya kwake pia, bila kesi. Nyumba nyingi zina vitabu viwili vya kausha damu na kila mmoja anaficha chake. Linaloongezeka kila siku lilipwe kwanza, hata kama la shemeji ndilo linalokutia aibu zaidi. Shemeji mpigie, mpe tarehe.

Kama una SACCOS, chama cha akiba na mikopo, mkopo wa kufuta kausha damu unafaa mara moja, na hela iende moja kwa moja kwa wanaodai, isipitie Nala. Kabla ya hapo nenda kwa mkopeshaji na shahidi, omba faini isimame, akuandikie kiasi kilichobaki kwa tarakimu na maneno, asaini. Wengi watakubali, mtu anayelipa polepole ni bora kuliko aliyehamia Tunduma.

Wengine mmemwachia mkopeshaji kadi ya benki na namba ya siri. Basi siku ya rejesho la mwisho kutaneni benki, kadi irudi mkononi mwako kabla hujamhesabia hela, na namba ya siri ubadilishe hapohapo kwenye mashine.